Alama za Pumzi

Jumanne, 4 Machi

Dada,

Kuanzia leo ukiniandikia, juu ya bahasha weka Daktari. Usiulize wa nini. Mtu aliyejaza tairi la mbele la lori kwa mdomo, bila kompresa, watu wanaona, dereva mwenyewe kashika valvu kasema presha kama hii hajaikuta tangu azaliwe, mtu huyo akinyimwa udaktari wa mapafu ni wivu tu.

Habari yenyewe ni hii. Baba katoka hospitali Ijumaa. Nimempandisha mgongoni mpaka ghorofa ya tatu sikupumzika hata mara moja, maana kawa mwepesi kama boksi la viatu ambalo viatu vimeshavaliwa. Wiki tatu za homa ya mapafu zimemla mpaka shingo. Daktari wa wodini kasema virusi vyenyewe vimekwisha, vilichoacha ndiyo kazi. Mimi nimemwelewa kuliko alivyojielewa: mapafu ya Mzee ni tairi lenye viraka kumi na saba. Upepo linashika, ila ukilitazama vibaya linaanza kulia sss.

Jumamosi kaja mama wa mazoezi. Mfupi, viatu vyeupe, sauti ya refa. Kasema Baba bila mazoezi atabaki kitandani mpaka kitanda kimchoke. Ila akifanyishwa taratibu kila siku, miezi mitatu atakuwa anashuka mwenyewe kununua gazeti. Kaacha karatasi. Kuvuta pumzi puani na kuitoa mdomoni, midomo umeikunja kama unapoza chai. Kukaa kwenye kiti na kusimama, mara tano. Kutembea koridoni kwenda na kurudi. Kaacha na kidude cha kubana kidole, kinawasha namba nyekundu. Halafu kila baada ya zoezi namuuliza Mzee pumzi zake ni ngapi, kuanzia sifuri mpaka kumi, naandika. Hapo alipokuwa akieleza vizuri simu ya kijiweni ikaita, kuna mtu kapata pancha, nikatoka kidogo. Lakini ya muhimu niliyasikia. Yeye atarudi Jumamosi ya tarehe ishirini na mbili, saa kumi jioni, kukagua.

Sasa sikia utamu. Zoezi la kwanza nikamuuliza, "Mzee, ngapi?" Akajibu bila aibu, "Mbili."

Dada, nilicheka mpaka jirani wa chini akagonga dari kwa ufagio. Mbili! Yeye! Mtu aliyenisimamisha juu ya kiti darasa la sita, nikiwa na insha yangu mkononi, "Kazi ya Baba Yangu", akawaambia wanafunzi wote wasome alama kwa sauti. Wakasoma: mbili kwa kumi. Mpaka leo mtaa mzima unaniita Mbili, wateja wananiita Mbili, mbwa wa gereji ukimwita Mbili mimi ndiye nageuka. Na sasa Mwalimu mwenyewe kapata mbili, tena mtihani wa kupumua, ambao hata mtoto mchanga hausomei.

Nimenunua daftari na kalamu nyekundu. Usijali kitu huko. Mgonjwa yuko mikononi mwa bingwa.

Mdogo wako,
Daktari Upepo


Alhamisi, 6 Machi

Mdogo wangu,

Barua yako niliisoma nimesimama, katikati ya mama wawili wenye uchungu, nikacheka, mkunga mkuu akanitazama kwa jicho lile. Nashukuru umembeba Baba. Nashukuru zaidi kuliko ninavyoweza kuandika.

Ila nisikilize. Baba si tairi. Na mambo ya darasa la sita yaache darasa la sita. Najua alikuumiza. Mimi nilikuwepo siku uliporudi nyumbani ukajifungia chooni mpaka jioni. Lakini huyo mwalimu wa wakati ule hayupo tena, aliyebaki ni mzee anayehitaji kusaidiwa kuvaa shati.

Kidude cha kidoleni kinasoma ngapi? Kikishuka chini ya tisini mpumzishe. Usimkimbize. Anapata nafuu? Anaongeza hatua?

Mtihani wangu ni tarehe kumi Aprili. Nimebakiza wiki tano kuwa mkunga kamili, baada ya miaka mitatu ya kuosha mabeseni ya watu. Hapa kituoni simu ni ya kuangalia saa tu, hakuna mtandao, njia ni hili gari la dawa: Jumanne linaleta, Ijumaa alfajiri linaondoka. Kwa hiyo niandikie kila Jumanne na uniandikie ukweli. Nikisikia mambo yanakwenda kombo naacha mtihani narudi. Sitaki kuuacha. Lakini nitauacha.

Dada yako


Jumanne, 11 Machi

Dada,

Usiache mtihani, utakuwa umetudhalilisha. Mambo yanapanda! Mwanafunzi wangu katoka kwenye kundi la vilaza, sasa yuko katikati ya darasa. Mimi ningekuwa mwalimu tangu mwanzo, nchi hii ingekuwa mbali.

Siri ni nidhamu. Asubuhi naingia na rula, ile ile yake ya mbao, nagonga meza: "Simama! Kaa! Simama!" Akitaka kupumzika anyooshe mkono, nimwone, nifikirie. Juzi kanyoosha mkono, mimi nikajifanya natafuta kitu kwenye daftari mpaka mkono ukashuka wenyewe. Unakumbuka alivyokuwa akitufanyia hivyo tukitaka kwenda haja? Mimi nakumbuka. Suruali yangu nayo inakumbuka.

Miwani yake naiweka mimi mfukoni. Akimaliza zoezi anapewa asome gazeti, akilegea gazeti linakwenda kufunika sufuria. Basi jana hana miwani, nikampitishia puani soksi yangu ya kijiweni ya siku nne, kaipokea kwa adabu, kafuta nayo uso, kasema, "Asante, mwanangu." Dada! Tangu augue hanusi kitu kabisa. Kopo la gundi ya pancha lilinimwagikia chini ya kitanda chake, mimi machozi yananichuruzika, yeye kakaa hapo juu anakunywa chai kama mtu aliyeko bustanini.

Mdomo lakini mzima. Anajitetea. Eti, "Mbili ni nzuri, wewe. Mbili maana yake pumzi zipo." Nikamwambia Mwalimu, hata mimi nilikwambia insha yangu ni nzuri, ulinijibuje? Akashika kiti, akasimama tena.

Kidude cha kidoleni kiko salama kabisa, usiwe na wasiwasi nacho.

Kwa hiyo andika kwenye kumbukumbu: alama zinapanda kila siku. Nimempeleka korido mara nane, karatasi ya mama wa viatu vyeupe inasema tatu. Tatu ni za mwanzo, za watu wasio na kocha.

Profesa wa Pumzi


Alhamisi, 13 Machi

Mdogo wangu mpenzi,

Korido mara nane! Nimewasomea wenzangu wote chumba cha chai. Mkunga mkuu, yule asiyemsifu mtu, kasema, "Huyo ndugu yako angefaa hapa." Nimesikia fahari mpaka nikaona aibu, kwa sababu nilikuwa na hofu na wewe. Nilidhani utamtelekeza ukakae kijiweni. Nisamehe.

Soksi usirudie. Nimecheka, lakini usirudie. Na miwani mrudishie, hiyo si nidhamu, ni kisasi.

Ila alama zikipanda, endelea hivyo hivyo. Kwa Baba nimeweka kikaratasi ndani ya bahasha hii, msomee:

"Baba, shikamoo. Najua hupendi kuamrishwa, hasa na mtoto uliyemfundisha. Lakini safari hii yeye ndiye mwalimu. Tafadhali mtii. Akisema simama, simama. Fanya kwa ajili yangu, nimalize mtihani nikiwa na moyo mtulivu. Binti yako."

Nimeanza kulala vizuri. Asante, mdogo wangu. Sijui kama nimewahi kukuambia asante tangu ukue.

Dada yako


Jumanne, 18 Machi

Dada,

Kikaratasi chako nimemsomea mara tatu. Mara ya kwanza kwa sauti yako, mara ya pili kwa sauti ya refa, mara ya tatu nimekibandika ukutani mbele ya kiti chake. Dada, ni dawa! Kabla ya hapo alikuwa anabisha. Sasa nikisema, "Simama," anatazama ukutani, anasimama. Hata sihitaji rula.

Sasa nakupa alama zenyewe ujionee. Nilimpokea ana mbili. Jumatano nne. Ijumaa tano. Jumapili sita. Jana, shikilia kiti, jana NANE. Nilimtoa koridoni tukashuka ngazi nusu, kumi na nne, tukapanda. Alipofika juu nikamuuliza, "Ngapi?" Hakuweza kusema, kaegemea ukuta, midomo imekuwa ya zambarau kama mtoto aliyeiba matunda, mabega yanapanda yanashuka. Nikamsubiri. Mimi si mkatili. Mwisho kasema, "Nane." Nikaiandika kwa kalamu nyekundu, nikaizungushia duara, nikamwonyesha. Unajua kasema nini? Kasema, "Mwandiko wako umekuwa mzuri."

Sasa lengo langu ni Jumamosi. Mama wa viatu vyeupe anakuja saa kumi. Mimi saa tisa na nusu namtoa Mzee, tunashuka ngazi zote mpaka chini, tunapanda zote mpaka ghorofa ya tatu, yule mama akifika anamkuta mwanafunzi mlangoni ana KUMI KWA KUMI. Nitaibandika juu ya mlango. Wataniita tena Mbili? Wajaribu.

Fikiria, Dada. Mimi, niliyeishia darasa la saba kwa kusukumwa, nimemfikisha Mwalimu kumi.

Wako,
Mwalimu wa Mwalimu


Alhamisi, 20 Machi

ACHA. Mdogo wangu, acha leo hii, soma barua hii mpaka mwisho kabla hujamgusa Baba.

Zile si alama za mtihani. Umezigeuza juu chini, na mimi mjinga nikakusifu. Nilidhani unahesabu hatua, au mizunguko. Kipimo kile ni cha kukosa pumzi. Sifuri ni mtu anayepumua bila shida. Mbili ni vizuri, Baba alikuwa sahihi. Tatu mpaka nne ndipo mazoezi yanapoishia, haivuki hapo. Tano anapumzishwa. Nane ni mtu anayezama. Kumi ni mtu ambaye pumzi imemwishia, hakuna tena. Kumi hakuna mtu anayetakiwa kuifikia.

Kwa hiyo kila alipokutajia namba kubwa zaidi alikuwa anakuambia unamuumiza. Na alikuwa anatii kwa sababu mimi nilimwandikia atii.

Midomo ya zambarau ni hewa imepungua mwilini. Mvalishe kidude cha kidoleni sasa hivi. Kikisoma chini ya tisini mpeleke hospitali, usingoje Jumamosi. Ngazi usimpandishe hata moja. Mlaze, mwinue kichwa kwa mito, apumue kama anapoza chai. Mwambie ni mimi niliyekosea. Kile kikaratasi kitoe ukutani.

Dereva wa gari la dawa nimemlilia, kaniahidi barua hii atakupa mkononi mwako mwenyewe, hataacha kwa mtu.

Sikulaumu. Hukujua. Ila sasa unajua.

Dada


Jumanne, 25 Machi

Dada,

Baba yuko hospitali tena tangu Jumamosi. Yuko kwenye oksijeni. Alianguka ngazini, kati ya ghorofa ya pili na ya tatu, mbavu mbili zimevunjika. Mama wa mazoezi ndiye aliyetukuta, alikuwa anakuja kukagua. Viatu vyake vyeupe vilipanda zile ngazi mbio, sijawahi kuona mwanamke mfupi anakimbia vile. Kamlaza kwa ubavu, kanitazama, kaniuliza kidude kiko wapi. Nikamwambia kiko ndani. Kikiwashwa hakiwaki. Betri nilizitoa wiki ya kwanza nikaweka kwenye rimoti, kulikuwa na mechi. Hilo kosa ni langu, nalikubali, sibishi.

Barua yako imechelewa. Nimeipata Jumatatu. Sijui gari lilikwama wapi, sijui dereva alipitia kwa nani. Imenifikia imefungwa, nikaenda nayo wodini hivyo hivyo, nikaifungua pale mbele ya Baba na mama wa mazoezi. Nikaisoma kwa sauti. Nilipofika kwenye "nane ni mtu anayezama" nikashindwa, mama yule akanimalizia.

Baba alikuwa anasikiliza na mpira puani. Aliposikia mwisho kanipapasa mkono, kasema polepole, neno moja moja, "Hakujua. Huyu kusoma kulimshinda zamani." Nesi akanionea huruma. Kila mtu hapa ananionea huruma.

Daktari anasema mapafu yalikuwa yanaanza kupona, yamerudi nyuma kuliko mwanzo. Njoo kama unaweza.

Mdogo wako


Alhamisi, 27 Machi
Wodini

Mwanangu,

Naandika kidogo kidogo, sentensi moja kisha mapumziko, kwa hiyo ukiona wino unabadilika ujue nilikuwa napumzika.

Fanya mtihani wako. Hilo ni la kwanza, nimeliweka juu ili lisikose nafasi.

La pili, mdogo wako asilaumiwe na mtu yeyote. Hakuelewa ile karatasi. Mimi nilielewa, nilimweleza mara moja, mara ya pili akanikumbusha insha yake, nikanyamaza. Ningeweza kukataa kusimama. Sikukataa. Si kwa sababu ya kikaratasi chako tu, kwa hiyo usijibebeshe. Niliona nina deni la kukaa upande ule wa meza.

Ile insha nimeikumbuka yote hapa kitandani. Aliandika kwamba kazi ya baba yake ni kujua kila kitu, na kwamba jioni anaporudi mikono yake ina chaki mpaka kwenye chai. Ilistahili nane. Herufi kubwa hakuweka, nukta hakuweka, lakini ilistahili nane. Nilimpa mbili ili walimu wenzangu wasiseme Mwalimu anampendelea mtoto wake. Kisha nikamsimamisha kwenye kiti ili waone kabisa kwamba simpendelei. Nilitaka kumwambia, mwaka ukapita, ukapita mwingine, akawa mtu mzima mwenye mikono ya mafuta, ikawa ni jambo la kuchekesha.

Jumamosi pale ngazini aliniuliza ngapi. Nikamwonyesha vidole kumi, maana sauti haikuwepo. Uso wake ukawa kama taa. Sijawahi kumpa mtoto yule alama iliyomfurahisha, isipokuwa ile.

Mwambie ilistahili nane. Mimi nikimwambia nitakohoa katikati aharibu kwa mzaha.

Na asiitwe tena lile jina.

Baba yako


Alhamisi, 3 Aprili

Mdogo wangu,

Nimefika kituoni juzi. Kitanda changu, vitabu vyangu, kila kitu kiko nilipokiacha, kama vile hakuna kilichotokea. Nilipokuja Ijumaa ile nilichelewa kwa saa mbili. Ulikuwa umekaa nje ya wodi na miwani ya Baba mkononi. Siku zote nne za msiba sikukuona ukitania hata mara moja, na hilo ndilo lililonitisha.

Barua ya Baba ilikuwa ndani ya mfuko wa barua wa gari lililonirudisha. Nimesafiri njia nzima nimeweka miguu juu yake, sijui. Nakuletea nakala ya kipande kinachokuhusu, nimekiandika kwa mkono wangu. Soma ukiwa peke yako. Insha yako ilistahili nane.

Nitafanya mtihani. Baba kaagiza.

Nataka ujue sikulaumu. Nimelifikiria mno. Karatasi iliandikwa kwa herufi ndogo, hakuna aliyekukalisha akakueleza, na mimi niliyekuwa na elimu ndiye niliyekupigia makofi. Ndugu wakianza kunong'ona nimewaambia waziwazi: kijana huyu kusoma kunampa taabu, angejua asingefanya. Shangazi kalia, kasema atakushika yeye akufundishe upya.

Mwenye kosa ni mmoja. Dereva. Njia nzima Ijumaa nilipokuja naye alikuwa anaapa kwamba barua alikupa mkononi, Ijumaa ile ile, saa tano asubuhi, kijiweni, ulikuwa umeshika kopo la gundi. Kaapa kwa watoto wake. Sijawahi kuona mtu anadanganya akiwa na macho makavu vile. Nikamwambia, bahasha ilifunguliwa Jumatatu mbele ya mgonjwa na mtaalamu, unamdanganya nani? Nimeandika malalamiko kwa mganga mkuu. Jumatatu wamemsimamisha, na wiki ijayo kikao kitaamua kumfukuza moja kwa moja. Sioni huruma. Siku tatu, mdogo wangu. Angetupa siku zile tatu, Baba angekuwa koridoni sasa hivi anapoza chai.

Jitunze. Kula. Ukiweza, nitanie kidogo.

Dada yako


Jumanne, 8 Aprili

Dada,

Umesema nikutanie. Basi nianze: mimi ndiye fundi bora wa gundi mji mzima. Kiraka changu hakijulikani. Nikiziba mimi, hata mwenye tairi hajui palitoboka wapi.

Barua ya Baba nimeisoma. Nane. Nilikwenda kukaa nyuma ya kompresa kwa sababu ina kelele. Nane, Dada. Daftari langu lina nane moja tu, ile niliyoizungushia duara.

Mengine nilishayakubali. Betri za rimoti, ni mimi. Miwani, ni mimi. Soksi, rula, mkono niliouacha hewani mpaka ukashuka, yote mimi, na kila mtu akinisamehe nakubali kusamehewa, kwa sababu kijana hajui kusoma. Shangazi kaja jana na kitabu cha darasa la kwanza. Kina picha ya kuku. Kaniambia soma. Nikajifanya nakwama, nikasoma ku, ku, kuku, kanikumbatia.

Kikao cha dereva ni kesho kutwa. Mwonyeshe mganga mkuu barua hii. Usimwonyeshe nusu.

Dereva hakusema uongo. Alisimamisha gari mbele ya kijiwe Ijumaa, tarehe ishirini na moja, saa tano, kashuka mwenyewe, kasema, "Dada yako amelia, fungua sasa." Nikafungua. Nikasoma nimekaa juu ya tairi la trekta. Halafu nikaiziba bahasha kwa gundi ya pancha, nikaipiga pasi kwa kikombe cha chai ya moto, ikakauka safi. Jumatatu nikaifungua upya wodini, inanuka kijiwe kizima, mama wa mazoezi alikuwa na barakoa, na Baba nilijua hanusi.

Jumamosi saa tisa na nusu nilimtoa. Tulishuka hana shida. Kupanda, ghorofa ya kwanza nikamuuliza ngapi, kasema saba, kasema, "Mwanangu, inatosha." Nilikuwa najua saba ni nini. Nikamwambia bado. Ya pili hakusema kitu, alikalia ngazi. Nikamshika kwapani nikamsimamisha. Nilitaka mara moja tu nimuulize yeye, na yeye anipe kumi, na kalamu iwe yangu. Alinyoosha vidole. Nilivihesabu, Dada. Nilihesabu mpaka cha mwisho ndipo nikamshika, na alikuwa ameshaachia ukuta.

Kusoma hakukunishinda. Barua yako niliisoma mara mbili, na nilielewa kila neno.

Mbili